CHEVREUL, MZEE ALIYEFUNGUA SIRI YA MAFUTA

Ukimtaja Newton darasani kila mkono utainuka. Mtaje Chevreul uone: wenzako watadhani umepiga chafya! Hata hivyo, ndugu msomaji, hakuna siku inayopita hapa Kyuso bila wewe kushika kitu ambacho mzee huyu alitufumbulia. Asubuhi umeoga kwa sabuni, mchana umekula isyo iliyokaangwa kwa mafuta, na baridi ya Julai ikikupasua midomo unakimbilia chupa ya glisarini. Hilo jina glisarini ni yeye aliyelitunga.

Michel-Eugène Chevreul alizaliwa tarehe 31 Agosti 1786 mjini Angers, nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari. Utoto wake haukuwa wa raha, kwa maana Mapinduzi ya Ufaransa yalizuka 1789 kabla hajatimiza miaka mitatu, na akiwa bado kitoto aliona kwa macho yake watu wakikatwa vichwa kwa gilotini. Masomo ya kwanza aliyapata nyumbani. Mwaka 1803, akiwa kijana wa miaka 17, alifunga safari hadi Paris akapokelewa katika maabara ya mkemia Louis Nicolas Vauquelin. Huko ndiko alikokaa, tuseme, maisha yake yote.

Sasa tuje kwenye sabuni. Watu walikuwa wameitengeneza kwa karne nyingi. Walichukua mafuta ya mnyama au ya zeituni, wakayachemsha kwa maji ya majivu au kwa magadi, basi, sabuni hiyo! Lakini ungewauliza ni nini hasa kilichotokea ndani ya sufuria, wangekuna vichwa. Wengi waliamini kwamba mafuta ni kitu kimoja, ambacho hushikana na magadi kikiwa kizima. Mswidi Carl Wilhelm Scheele aliwahi kupata kioevu kizito kitamu kutoka kwa mafuta ya zeituni mwaka 1779, ila mahali pa utamu huo katika mafuta palibaki fumbo.

Mwaka 1811 Chevreul alishika sampuli ya sabuni iliyotokana na mafuta ya nguruwe. Alipoitia asidi, hakuyapata tena mafuta yale ya kwanza. Alipata fuwele zinazong'aa kama lulu, na zilikuwa na tabia ya asidi! Akazipa jina kutokana na neno la Kigiriki la lulu, na jina hilo ndilo lililokuja kuzaa majarini, ile tunayopaka mkate, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1869. (Baadaye, mwaka 1852, Mjerumani Heintz alionyesha kwamba fuwele zile zilikuwa mchanganyiko wa asidi mbili. Hata wakubwa huteleza.)

Kazi hiyo ilimchukua miaka 12. Hebu fikiria, miaka 12 mtu anachemsha shahamu! Hakuwa na mashine za leo. Alichokuwa nacho ni mizani, kipimajoto na subira. Aliyeyusha kitu katika alkoholi, akakiacha kigande, akapima kinayeyuka katika joto gani. Kisha akarudia, na akarudia tena, mpaka kiwango cha kuyeyuka kikaacha kubadilika. Hapo tu ndipo aliposadiki kwamba kitu hicho ni safi. Kila mwanafunzi wa kemia anayepima kiwango cha kuyeyuka leo anafuata nyayo hizo.

Na mizani ikamwambia jambo la ajabu. Gramu 100 za mafuta magumu zikivunjwa hutoa karibu gramu 96 za asidi na gramu 10 za glisarini. Jumla ni 106! Hizo sita zimetoka wapi? Ni maji, yanayoingia wakati mafuta yanapovunjika. Kumbe mafuta si kitu kimoja, bali ni asidi za mafuta zilizofungamana na glisarini, na magadi yakija hunyakua asidi na kuiacha glisarini ikielea majini. Neno lenyewe alilichota kutoka kwa Kigiriki, kwa maana ya utamu. Mafundi wa sabuni walikuwa wakiumwaga utamu huo pamoja na maji machafu miaka nenda miaka rudi.

Wafugaji wa mbuzi wa huku kwetu watafurahia hili. Katika siagi Chevreul alipata asidi nyingine ndogondogo zenye harufu kali, na mbili kati yake, kaproiki na kapriki, zimepewa majina kutokana na neno la Kilatini la mbuzi. Ile harufu ya beberu (beberu wa zizini, si yule wa siasa) ina undugu nazo. Aidha, mwaka 1815 alikipa jina kitu cheupe kinachopatikana katika mawe ya nyongo, kitu ambacho kilikataa katakata kugeuka sabuni. Ndicho kolesteroli, ambayo siku hizi madaktari huipima katika damu za wazee wetu.

Yote hayo aliyakusanya katika kitabu mwaka 1823. Miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Gay-Lussac walipata hataza ya kutengeneza mishumaa kwa asidi hizo za mafuta. Zamani mshumaa wa maskini ulikuwa wa shahamu tupu. Ulinuka na kutoa moshi, kwani glisarini ikiungua huwasha macho. Mshumaa mpya ulikuwa mgumu na mweupe. Lakini biashara iliwashinda, na mtu mwingine, Adolphe de Milly, ndiye aliyefanikiwa kuanzia 1831. Mchumia juani si lazima yeye awe ndiye anayelia kivulini, bwana!

Glisarini nayo ilienda mbali. Mwaka 1847 Mwitaliano Sobrero aliichanganya na asidi kali akapata nitroglisarini, kioevu kinacholipuka, na Alfred Nobel akakitengenezea baruti ya dainamiti mwaka 1867. Mwaka 1854 Berthelot alifanya kinyume cha Chevreul: aliunganisha glisarini na asidi akapata mafuta, na ikadhihirika kuwa kila glisarini hubeba asidi tatu.

Twende mwilini kidogo, mwalimu wa baiolojia asije akasema tumemsahau. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9 hivi, ya wanga 4 tu. Ndiyo maana kondoo huweka akiba katika mkia mnono na ngamia katika nundu (eti ni maji, la hasha, ni mafuta!). Kiangazi kikikaza hapa Kyuso na majani yakaisha, mwili huyavunja mafuta hayo vilevile kama sufuria ya Chevreul: asidi huchomwa kuleta nguvu, na glisarini hupelekwa kwenye ini kugeuzwa sukari. Mnyama anayefika msimu wa mvua akiwa hai amevushwa na akiba hiyo.

Tangu 1824 Chevreul alisimamia pia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Walilalamika kwamba rangi nyeusi imefifia, naye akagundua kwamba kosa halikuwa katika rangi bali katika rangi jirani zilizolidanganya jicho. Kitabu chake cha 1839 kuhusu hilo kilisomwa sana na wachoraji.

Alizidi kuzeeka na kazi ikazidi kuendelea. Majeshi ya Prusia yalipoizingira Paris mwaka 1870, mzee wa miaka 84 hakuhama. Alipotimiza miaka 100, mwaka 1886, Ufaransa nzima ilimsherehekea, naye akapenda kujiita mwanafunzi mkongwe kuliko wote nchini. Alifariki Paris tarehe 9 Aprili 1889, akiwa na miaka 102, siku chache tu baada ya Mnara wa Eiffel kukamilika. Jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa juu ya mnara huo, pamoja na ya wataalamu wengine 71.