Mahjub bin Adam: Askari aliyenyimwa nishani, mwalimu aliyefia kambini

KATIKA Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Waafrika wa sehemu zetu waliuana kwa ugomvi usiokuwa wao. Wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Kwa baadhi yao kilichobaki ni kipande cha madini chenye utepe, yaani nishani. Leo napenda kumweleza msomaji habari za mtu ambaye hata kipande hicho alinyimwa. Huyu ni Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Mahjub alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, wakati wa utawala wa Wajerumani. Baba yake alikuwa Msudani, askari mwenye cheo cha efendi, ambacho ndicho kilikuwa kikomo cha Mwafrika katika jeshi lile. Itakumbukwa kwamba askari wa Kisudani waliletwa na Hermann von Wissmann mwaka 1889 kuja kumpiga Abushiri huko pwani. Jeshi hilohilo likaja kupigana na Wahehe wa Mkwawa, kisha kuanzia mwaka 1905 likazima vita vya Maji Maji. Kwa hiyo Mahjub alizaliwa katika nyumba iliyokula mshahara wa vita.

Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, baba na mwana wote waliingia jeshini. Mahjub alikuwa na umri wa miaka kumi tu. Siku hizi tungemwita mtoto askari, na sisi tuliotoka Maziwa Makuu tunajua neno hilo lina maana gani.

Upande wa pili walikuwa babu zetu. Tarehe 9 Septemba 1914 askari wa King's African Rifles kutoka Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, walipambana na jeshi la Wajerumani pale Karonga. Mwezi Septemba 1916 askari wa Force Publique kutoka Kongo waliingia Tabora. Mkongo na Mmalawi wanaouziana vitenge leo Biwi huenda babu zao walikuwa upande mmoja bila kujuana, na Mahjub alikuwa adui yao.

Oktoba 1917 yalitokea mapigano makali ya Mahiwa, mkoani Lindi. Upande wa Waingereza peke yake ulipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa. Mahjub alijeruhiwa hapo, akachukuliwa mateka.

Baada ya vita alifanya kazi melini, akihudumia abiria. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukuwa umelipwa. Alijibiwa kwamba amechelewa, muda wa madai umekwisha. Hakurudi. Alipata kazi ya kuhudumu katika jumba la starehe, akaoa mwanamke wa Kijerumani mwezi Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajashika madaraka. Alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin kwa malipo madogo, na kuanzia mwaka 1934 akaonekana katika filamu nyingi, mara nyingi kama mtumishi au askari.

Mwaka huohuo wa 1934 serikali ya Ujerumani ilianzisha msalaba wa heshima kwa walioshiriki vita vile. Mamilioni ya watu walipewa. Mahjub naye aliomba, akakataliwa, kwani wakubwa hawakutaka heshima hiyo imwendee mtu mweusi. Basi alijinunulia nishani kwa mfanyabiashara, akaivaa juu ya sare yake ya uaskari. Kovu alikuwa nalo mwilini, ila kibali hakuwa nacho.

Mwaka 1941 alipoteza kazi ya chuo. Mwezi Agosti mwaka huo alikamatwa kwa tuhuma za uhusiano na mwanamke mzungu, jambo ambalo utawala ule wa kibaguzi uliliona kuwa ni kosa. Bila kufikishwa mahakamani alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, na huko akafariki tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 kibao kidogo cha shaba chenye jina lake kilitiwa barabarani mbele ya nyumba aliyokaa, mtaa wa Brunnenstraße. Miaka 63 ilikuwa imepita.

Kwa nini nayasema haya? Mimi nilisomea ukimbizini, Dzaleka, na najua maana ya kuulizwa karatasi inayothibitisha kwamba wewe ni wewe. Katika safari zangu za Biwi nimeona nishani za zamani zikiuzwa pamoja na sarafu na kufuli mbovu, kwa bei ya sahani ya nsima. Muuzaji hajui ni za nani, na mnunuzi hajali.

Ndugu mfanyabiashara, kabla hujaiuza, tazama ukingoni. Nishani za Waingereza za vita vya 1914 hadi 1918 kwa kawaida zimechongwa namba, jina na kikosi cha mwenyewe. Lakini nyota za vita vya pili, kama ile ya Burma walikopigana vijana wetu wa Afrika Mashariki mwaka 1944, Waingereza walizitoa bila jina. Hizo zikitengana na karatasi na simulizi za nyumbani, zinabaki bubu.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wake wazee, wengi walifika Mwanza bila cheti. Walipewa fimbo ya ufagio, wakaamrishwa kwa Kijerumani kama gwaride. Wote walifuata amri bila kukosea, wakalipwa. Mahjub, aliyekidai kijicho chake miaka 35 kabla yao, alikuwa amekufa miaka 20 iliyopita.

Basi muulize mzee wako leo, uandike jina, kikosi na mahali. Mali bila daftari huisha bila habari, na watu vivyo hivyo.