Ahmad bin Majid na Sindano ya Sumaku

Mchunga ng'ombe wa Usukuma akipotewa na njia mbugani, hupanda juu ya mwamba, akatazama milima na miti anayoijua, kisha akarudi kwao. Lakini katikati ya bahari hakuna mwamba wala mti. Rubani huona maji mbele na maji nyuma, na akikosea njia huweza kuangamiza roho za watu wote waliomo chomboni. Ndiyo sababu mabaharia wa Bahari ya Hindi walimheshimu sana Ahmad bin Majid.

Ahmad alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, katika pwani ya Arabuni, mahali paitwapo leo Ras al-Khaimah. Baba yake na babu yake walikuwa marubani, naye akajifunza kazi hiyo. Baba yake alikuwa ametunga shairi refu la kueleza njia za Bahari ya Shamu. Ahmad alimheshimu sana mzazi wake, walakini hakuyapokea maneno yake bila kuyapima. Alisafiri mwenyewe, akatazama, na palipokuwa na kosa akasahihisha.

Katika safari zake alitumia nyota na dira. Ndani ya dira mna sindano yenye nguvu ya sumaku. Liko jiwe jeusi litokalo ardhini ambalo huvuta chuma; hilo ndilo sumaku ya asili. Marubani walisugua sindano ya chuma kwa jiwe hilo, hata sindano nayo ikawa sumaku, yaani sumaku ya kutengenezwa. Sindano hiyo ikiachwa igeuke yenyewe, ncha moja huelekea kaskazini na ya pili kusini. Ukizikaribisha ncha mbili za kaskazini za sumaku mbili, hufukuzana. Lakini ncha ya kaskazini na ncha ya kusini huvutana. Tena, kipande cha chuma kikiwekwa karibu na dira, sindano hupotoka.

Marubani wa Arabuni walizoea kuifuata nyota ya kaskazini. Lakini chombo kikishuka kusini kwenda Kilwa na Sofala, nyota hiyo huinama mpaka ikatoweka, na usiku wa mawingu nyota zote hufichwa. Hapo sindano huwa msaada mkubwa, kwa kuwa haizuiwi na giza wala mawingu.

Ahmad hakuificha elimu yake. Alitunga mashairi mengi juu ya njia za bahari, na moja laeleza safari ya Sofala. Karibu na mwaka 1490 aliandika kitabu kikubwa juu ya nyota, pepo, bandari na dira. Humo alijisifu kwa jinsi alivyoiweka sumaku katika dira. Lakini Wachina walikuwa wameijua sindano ya sumaku miaka mia nne kabla yake.

Mwaka 1498 Mreno Vasco da Gama alipewa rubani pale Malindi, akavuka bahari mpaka Calicut katika Bara Hindi. Kwa muda mrefu watu wengi walisema kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad, na wengine wakamlaumu kuwa aliwaongoza wageni waliokuja kuipiga miji ya pwani. Hata wataalamu walipozipima habari hizo, waliona kuwa Wareno waliosafiri hawakumtaja Ahmad, na mwandishi mmoja wa Kireno alisema rubani alikuwa mtu wa Gujarati. Basi lawama ile haina msingi imara.

Watu wa kale hawakujua kwa nini sindano huelekea kaskazini. Mwaka 1600 William Gilbert, tabibu wa Uingereza, alionyesha kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Baadaye, katika karne ya 19, ikapatikana sumaku ya umeme, ambayo huvuta chuma wakati umeme unapopita katika waya wake, na umeme ukikatwa huachilia.

Hata Mkula, mbali na bahari, jambo hili laweza kujaribiwa. Sindano iliyosuguliwa kwa sumaku, kwa kwenda upande mmoja tu, na kuwekwa juu ya jani katika bakuli la maji, hugeuka polepole mpaka ikalala kaskazini na kusini. Apendaye elimu na afanye kama Ahmad: asikubali habari kabla ya kuipima, hata ikiwa imetoka kwa wakubwa wake.