Oliver Brown: Mzazi aliyeitikia wito

Nafundisha somo la dini ya Kiislamu katika shule moja ya serikali hapa mjini. Muhula uliopita tuliitisha mkutano wa wazazi wa kuchagua wajumbe wa kamati ya shule. Waliofika hawakujaza hata madawati ya mbele. Ijumaa iliyofuata, nikitoka msikitini, wazazi wakanizunguka na malalamiko: michango haieleweki, madarasa yamejaa, kipindi cha dini kimesogezwa. Nikawauliza, siku ya mkutano mlikuwa wapi? Wakajibu kuwa hata wakienda hawasikilizwi. Hapo nikamkumbuka Oliver Brown.

Brown, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa Mmarekani mweusi wa mji wa Topeka, jimbo la Kansas. Hakuwa mwanasheria wala mwanasiasa. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kampuni ya reli ya Santa Fe, na msaidizi wa mchungaji kanisani kwake. Sheria ya Kansas ya mwaka 1879 iliiruhusu miji mikubwa kutenganisha watoto weusi na weupe katika shule za msingi. Topeka ilikuwa na shule 18 za weupe na 4 tu za weusi. Binti yake Linda aliipita njia ya reli kwenda kupanda basi la shule ya Monroe, wakati shule ya Sumner ilikuwa mitaa saba tu kutoka nyumbani.

Ndugu msomaji, harakati hizi hakuzianzisha Brown. McKinley Burnett, kiongozi wa tawi la chama cha NAACP mjini hapo, alikuwa ameshaisumbua Bodi ya Elimu kwa takriban miaka miwili bila mafanikio. Mwaka 1950 chama kikaomba wazazi wajitokeze. Wakapatikana 13: akina mama 12, na mwanamume mmoja tu, naye ni Brown. Kila mmoja alitakiwa ampeleke mwanawe, pamoja na shahidi, kuandikishwa shule ya weupe iliyo karibu, kisha arudi kutoa taarifa. Wote walikataliwa.

Februari 1951 wakafungua kesi, na jina la Brown likatangulia. Mwaka huohuo wakashindwa. Hawakurudi nyuma. Kesi yao ikaunganishwa na za majimbo mengine, na tarehe 17 Mei 1954 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaamua kuwa kutenga watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba.

Kufikia siku hiyo Linda alikuwa ameshamaliza shule ya msingi. Sumner hakusoma kamwe. Waliofaidika ni watoto wa wengine. Brown mwenyewe alifariki mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 42.

Wazazi wale pia hawakusikilizwa, tena kwa miaka. Lakini kila walipokataliwa kulikuwa na shahidi na taarifa, na ndiyo iliyowafikisha mahakamani. Sisi tukikataliwa tunaishia barazani. Kamati ya shule ni ya wazazi kwa mujibu wa taratibu. Nafasi ipo, wakaaji hawapo. Mkutano ujao ukiitishwa, njoo na jirani yako, uliza hesabu, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Hata kama mwanao anamaliza darasa la saba mwaka huu, njoo.

Wabillahi tawfiq.