Mpiga Picha Asiyetazama Picha Zake

Kila kazi ina ila zake, na wapiga picha nao wana zao. Ila ya Garry Winogrand ilikuwa kuahirisha.

Mmarekani huyu alizaliwa New York mwaka 1928. Uwanja wake ulikuwa barabara: akitembea na kamera ndogo aina ya Leica, akiwapiga picha wapita njia kabla hawajatanabahi. Mwaka 1967 picha zake zilionyeshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini humo, akavuma.

Lakini akishapiga hakuwa na haraka ya kusafisha filamu. Alitaka kwanza aisahau furaha ya siku ile, asije akapenda picha mbovu kwa kumbukumbu nzuri. Hoja hiyo ina busara, ila ngojangoja ikageuka mazoea. Alipohamia Los Angeles mwaka 1978, filamu zilizidi kurundikana.

Machi 1984 alifariki kwa saratani, umri wake miaka 56. Zilikutwa filamu zipatazo 2,500 hazijasafishwa, na filamu moja huchukua picha 36. Wengine ndio waliozisafisha na kumchagulia. Ipi angaliikubali, ipi angaliitupa? Hakuna wa kuulizwa.

Mauti hayabishi hodi. Kazi aliyoiacha mwenyewe, humalizwa na wageni.