Daktari aliyesikiliza moyo kwa vidole



Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niwaeleze wasomaji wenzangu habari za daktari ambaye wengi waliofaidika na kazi yake hawalijui hata jina lake. Huyo ni Dk. Helen Taussig wa Marekani, aliyefariki mwaka 1986. Naandika kwa sababu mpaka leo wapo wazazi ambao mtoto wao akigeuka rangi midomoni na kuhema hudhani amerogwa, wakahangaika naye kwa waganga huku siku zinapita.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1898 katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa profesa wa uchumi. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu wakati binti akiwa na umri wa miaka 11. Shuleni alipata taabu kubwa, maana herufi zilimchanganya na kusoma kukawa kazi ngumu. Baba yake alikaa naye kwa subira akimfundisha, na binti akasonga mbele mpaka akamaliza Chuo Kikuu cha California mwaka 1921.

Alipotaka kusomea udaktari alikuta mlango umefungwa. Harvard wakati huo haikuwapa wanawake shahada ya udaktari. Aliweza kuhudhuria baadhi ya masomo, lakini shahada asahau. Akahamia Chuo Kikuu cha Boston, na huko mwalimu wake akampa moyo wa ng'ombe auchunguze. Kuanzia hapo moyo ukawa ndiyo kazi ya maisha yake. Chuo cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, kilimpokea, naye akahitimu udaktari mwaka 1927. Harvard yenyewe ilikuja kuwapokea wanawake katika udaktari mwaka 1945.

Mwaka 1930 alikabidhiwa kliniki ya moyo ya watoto pale Johns Hopkins. Ndipo likamfika jambo ambalo lingemkatisha tamaa daktari yeyote wa moyo: masikio yake yakaanza kupoteza nguvu ya kusikia. Hakuacha kazi. Alijifunza kufuata maneno kwa kutazama midomo ya mtu, akatumia chombo cha kukuza sauti, na zaidi ya yote akazoeza vidole vyake. Aliweka mkono juu ya kifua cha mtoto, akapima kwa kugusa yale ambayo wenziwe waliyapima kwa kusikia. Kisha alimtazama mtoto kwa mashine ya eksirei, upande huu na upande ule, mpaka akajua umbo la moyo ule na kasoro yake.

Katika kliniki hiyo waliletwa watoto walioitwa watoto wa buluu. Wengi wao walikuwa na ugonjwa ambao daktari wa Kifaransa, Fallot, alikuwa ameueleza mwaka 1888. Ukuta kati ya vyumba viwili vya moyo una tundu, na njia ya kupeleka damu mapafuni ni nyembamba. Kwa hiyo damu nyingi huzunguka mwilini bila kupata hewa safi. Mtoto akikimbia hatua chache huchuchumaa apate nafuu. Wakati ule madaktari hawakuwa na dawa, na wengi wa watoto hao walikufa wadogo.

Dk. Taussig akagundua jambo. Kila mtoto tumboni mwa mama huwa na mshipa mdogo unaounganisha mshipa mkuu wa damu na ule wa mapafu, nao hujifunga baada ya kuzaliwa. Aliona kwamba watoto wa buluu ambao mshipa huo ulibaki wazi walikuwa na nafuu, na ulipojifunga hali yao ikawa mbaya. Akajiuliza: kwa nini mshipa kama huo usitengenezwe? Alimwendea Dk. Robert Gross wa Boston, ambaye mwaka 1938 alifaulu kuufunga mshipa huo kwa mtoto aliyedhurika nao. Yeye hakuvutiwa na wazo la kuutengeneza.

Mwaka 1941 daktari mpasuaji Alfred Blalock alihamia Johns Hopkins, akiwa na msaidizi wake Vivien Thomas. Thomas alikuwa Mmarekani mweusi aliyekosa kusomea udaktari baada ya akiba yake kupotea benki ilipoanguka. Taussig aliwapelekea wazo lake. Thomas ndiye aliyefanya kazi kubwa ya majaribio kwa mbwa mpaka njia ikapatikana: kuchukua mshipa unaopeleka damu mkononi na kuuunga na mshipa wa mapafu. Tarehe 29 Novemba 1944 mtoto mchanga wa kike alipasuliwa kwa mara ya kwanza. Thomas alisimama nyuma ya Blalock akimwelekeza. Mtoto yule alipata nafuu, ingawa alifariki miezi kadhaa baadaye. Mtoto wa tatu, mvulana wa miaka 6, midomo yake iliacha ubuluu pale pale mezani. Habari zikaenea, wazazi wakaja Baltimore kutoka nchi mbalimbali, na maelfu ya watoto wakapona.

Hapa nataka haki itendeke. Kwa miaka mingi upasuaji huo uliitwa kwa majina ya Blalock na Taussig tu. Thomas alipewa shahada ya heshima mwaka 1976, na siku hizi wengi huliongeza jina lake. Hata Taussig mwenyewe alifanywa profesa kamili mwaka 1959 tu, akiwa na miaka 61.

Mwaka 1962 alisikia kwamba huko Ujerumani watoto wengi wanazaliwa na mikono na miguu mifupi. Akasafiri kwenda kuchunguza, akarudi na kuwaonya madaktari na Bunge la Marekani juu ya thalidomide, dawa ya usingizi waliyokuwa wakimeza wajawazito. Dk. Frances Kelsey alikuwa tayari ameizuia dawa hiyo isiidhinishwe Marekani, na mwaka huo huo sheria ya dawa ikakazwa. Mwaka 1965 Taussig akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Chama cha Moyo cha Marekani. Alifariki kwa ajali ya gari Mei 1986, siku chache kabla ya kutimiza miaka 88.

Wazazi wenzangu, tangu mwaka 1954 wapasuaji wameweza kuzitengeneza kasoro hizo ndani ya moyo wenyewe. Hapa kwetu watoto wenye kasoro za moyo hupasuliwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kwa mtoto mweusi ubuluu hauonekani upesi kwenye ngozi. Tazameni ulimi, midomo na kucha. Akichoka anaponyonya, asipoongezeka uzito, au akichuchumaa kila akicheza, mpelekeni hospitali mapema. Moyo wenye tundu hautibiwi kwa hirizi.

Msomaji wako,
Morogoro.