Adrian Atiman wa Karema na Maana ya Uwezo wa Mtoto

Mwalimu mwanafunzi aendaye Mwazye, au shule nyingine yoyote ya uwanda wa juu wa Ufipa, kwa mazoezi ya kufundisha, hukabidhiwa daftari la mahudhurio na pamoja nalo maneno machache ya mdomo: huyu ana akili, yule ni mzito, wale wa nyuma usijisumbue nao. Maneno hayo ni mepesi kutamka, lakini uzito wake humwangukia mtoto. Kabla hatujayapokea, yafaa tujiulize uwezo wa mwanadamu ni kitu gani, na hupimwaje. Tumeona vema kulijibu swali hili kwa kuyatazama maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake lajulikana sana huku kwetu, kwa kuwa hospitali moja mjini Sumbawanga imeitwa kwa jina hilo. Mtu huyo ni Adrian Atiman.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya Mto Niger, katika nchi ambayo leo yaitwa Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko alikombolewa kwa fedha na mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kwa jina la Mapadre Weupe, wakamtia shuleni. Mwaka 1882 alibatizwa.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na shauri la kuwafundisha vijana wa Kiafrika kazi ya uganga wa kisasa ili wakahudumie Afrika ya kati. Kwa ajili hiyo alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, na Atiman akawa miongoni mwa vijana waliopelekwa huko kusomea utabibu. Mwaka 1888 aliondoka Malta, akapitia Unguja, na baada ya safari ndefu ya bara akafika Karema, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889.

Hapo Karema alikaa mpaka alipofariki mwaka 1956. Kwa muda wa miaka 67 alikuwa tabibu na katekista wa watu wa pwani ile. Alitibu kwa dawa alizofundishwa Malta, na tena hakuona haya kujifunza dawa za miti za wenyeji na kuzitumia. Alimwoa Agnes Wansahira, na mtoto wao Joseph akapata upadre mwaka 1923. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Sasa tuyalinganishe maisha hayo na elimu ya nafsi ya nyakati zile. Mwaka 1869, Atiman alipokuwa mtoto mdogo penye Mto Niger, Francis Galton wa Uingereza alitoa kitabu kilichodai kwamba akili kubwa hurithiwa katika ukoo, na humo humo akayapanga mataifa kwa daraja, akiwaweka Waafrika chini ya Wazungu. Mwaka 1905, Atiman akiwa amekwisha kutibu Karema zaidi ya miaka kumi na mitano, Alfred Binet na Théodore Simon wa Ufaransa walitoa kipimo chao cha akili. Nia ya Binet ilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee darasani. Yeye mwenyewe alipinga wazo la kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichoongezeka, akaamini kuwa mazoezi na mafundisho mema huikuza. Waliomfuata, hasa huko Marekani, walikichukua kipimo wakaliacha onyo lake.

Lazima hapa tutenge mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni yale ambayo mtoto anaweza kuyatenda leo. Haya huonekana, nayo mtihani huyapima. La pili ni yale atakayoweza kuyatenda akifundishwa. Haya hayaonekani kwa macho. Hujulikana baada ya kufundisha tu. Aliyemtazama Atiman katika msafara wa jangwani angemwona mtoto asiyejua kusoma wala kuandika, na kwa habari ya siku ile angesema kweli. Lakini kama angeongeza kwamba mtoto yule hawezi kuwa tabibu, angekosea kwa miaka 67 ya kazi.

Tusipite mpaka, hata hivyo. Maisha ya mtu mmoja hayathibitishi kwamba kila mtoto aweza kila jambo. Wataalamu wa leo hukubali kwamba urithi na mazingira hufanya kazi pamoja, na watoto hutofautiana kweli. Linalotuhuzunisha ni jingine: Atiman alichaguliwa. Wengi waliovushwa jangwa lile hawakukombolewa na mtu, wala hawakutiwa shuleni, na uwezo wao haukujulikana kamwe. Mtoto anayeachwa nyuma ya darasa bila kuulizwa swali yumo katika hatari ya namna hiyo hiyo.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuandike kazi aliyoweza mtoto na aliyoshindwa, wala tusiandike hukumu juu ya nafsi yake. Kuandika kwamba hajui kutoa kwa kukopa kwamsaidia mwalimu, lakini kuandika kwamba ni mzito hakumwonyeshi pa kuanzia. Pili, tumpime baada ya kumfundisha kwa njia mbili au tatu, na kwa vitu avijuavyo: mahindi, maharage na mafungu ya ulezi ya nyumbani kwao. Tatu, tukumbuke kwamba mtoto aliyezoea Kifipa nyumbani aweza kunyamaza kwa sababu ya Kiswahili cha swali, hali hesabu yenyewe anaijua.

Na tukirudisha daftari mwisho wa mazoezi, tumwachie mwalimu atakayetufuata habari za kazi ya kila mtoto, zikiwa zimeandikwa kwa tarehe, ili naye aanze pale tulipoishia.