John Dopyera: Fundi wa fidla aliyelipatia gitaa sauti kubwa

WAFANYABIASHARA wengi wadogo hujikuta njia panda wakiwa na swali moja: watengeneze bidhaa bora na kuiuza kwa bei kubwa kwa wateja wachache, au wapunguze gharama ili iwafikie wengi? John Dopyera, fundi aliyebuni gitaa la chuma lenye koni za alumini, alikutana na swali hilo akiwa na umri wa miaka 35. Jibu lake lilimfanya aiache kampuni aliyoisaidia kuizaa.

Dopyera alizaliwa mwaka 1893 katika eneo ambalo leo ni Slovakia na ambalo wakati huo lilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Alikuwa mmoja wa watoto kumi. Baba yake, Jozef, aliendesha kinu cha kusaga nafaka, na muda uliobaki aliutumia kupiga na kutengeneza fidla. Ni kwake kijana huyo alikojifunzia kuchagua mbao, kuzichonga na kuziunganisha, na alitengeneza fidla yake ya kwanza akiwa bado mtoto.

Mwaka 1908, familia hiyo ilihamia California, Marekani. Katika miaka ya 1920 Dopyera alikuwa na duka lake mjini Los Angeles, akitengeneza na kukarabati fidla, banjo na ala nyingine za nyuzi. Hakuwa fundi wa kutengeneza tu na kupokea malipo. Kila alipoona kasoro katika ala aliitafutia dawa, na maboresho yake kadhaa ya banjo aliyasajili kwa hataza.

Mteja aliyeleta tatizo

Kwa fundi mwenye macho, tatizo la mteja ni mtaji. Katikati ya miaka ya 1920, mwanamuziki wa majukwaani George Beauchamp alimfuata Dopyera na malalamiko yake. Gitaa halikuwa likisikika. Katika bendi zenye tarumbeta na ngoma, mpiga gitaa alionekana akichezesha vidole lakini sauti yake ilimezwa. Vipaza sauti vya gitaa vinavyotumia umeme vilikuwa bado havijaingia sokoni.

Katika gitaa la kawaida, mtikisiko wa nyuzi hupokelewa na ubao mwembamba wa juu, na ubao huo ndio unaotoa sauti. Dopyera aliuondolea ubao kazi hiyo. Alichukua alumini nyembamba, akaifinyanga kuwa koni, na kuzipanga koni tatu ndani ya mwili wa gitaa. Juu yake aliweka kidaraja chenye umbo la herufi T, ambacho nyuzi zilikikandamiza. Nyuzi zilipotikisika, koni nazo zilitikisika kama utando wa spika ya redio. Mwili wenyewe ulitengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao mafundi huuita fedha ya Kijerumani ingawa hauna fedha ndani yake.

Sauti ilikuwa kubwa, nyororo na ya kudumu. Wapigaji wa mtindo wa Hawaii, wanaolaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, waliipenda mara moja.

Ubia na mgogoro

Wazo zuri bila fedha hubaki mezani. Beauchamp alimpata tajiri kijana katika ukoo wa mkewe, Ted Kleinmeyer, aliyekubali kutoa mtaji. Hivyo ndivyo kampuni ya National ilivyoanza kazi mwaka 1927 na kusajiliwa rasmi mwanzoni mwa 1928. Miili ya chuma ilifinyangwa katika karakana ya jirani ya Adolph Rickenbacker, mtu mwenye mashine kubwa za kukandamiza chuma.

Gitaa la koni tatu liliuzwa kuanzia dola 125, na lile lililonakshiwa zaidi lilikaribia dola 200. Wanamuziki wa majumba ya sinema na kumbi za dansi walimudu. Wengine walitazama tu dirishani.

Hapo ndipo wabia walipotofautiana. Beauchamp alitaka gitaa la koni moja, ambalo lingetumia vifaa vichache na kuuzwa kwa bei nafuu. Dopyera aliamini kwamba koni tatu zilitoa sauti bora, na hakufurahishwa na jinsi mambo ya fedha yalivyoendeshwa. Kilichokoleza ugomvi ni hataza ya koni moja. Beauchamp aliiombea kwa jina lake mwaka 1929, huku Dopyera akidai kuwa wazo hilo nalo lilitoka mikononi mwake. Mapema mwaka huo Dopyera aliondoka National.

Kwa upande wa soko, Beauchamp hakukosea. Mwaka 1930 National ilitoa gitaa lililoitwa Duolian, lenye mwili wa bati la chuma, koni moja, na rangi yenye chenga zinazofanana na barafu. Bei yake ilikuwa dola 32.50.

Mkulima anaweza kuipima bei hiyo kwa pamba. Mwaka 1929 pamba ya Marekani ilikuwa karibu senti 17 kwa ratili. Mdororo wa uchumi ulipopiga, mwaka 1931 ilishuka hadi karibu senti 6. Kwa bei hiyo, gitaa la dola 125 lilihitaji zaidi ya ratili 2,000 za pamba iliyochambuliwa, yaani zaidi ya marobota manne. Duolian ilihitaji ratili 540 hivi, robota moja na kidogo. Kwa mkulima wa Mississippi aliyelima shamba la mwingine na kugawana mavuno nusu kwa nusu, hata robota moja lilikuwa mzigo mkubwa. Lakini marobota manne yalikuwa ndoto.

Kwa sababu hiyo gitaa la bei nafuu lilifika mahali ambapo lile bora halikufika. Wapiga muziki wa blues kama Bukka White, Blind Boy Fuller na Son House walijulikana kwa magitaa ya chuma ya National. Katikati ya miaka ya 1930, ni takriban shamba moja kati ya kumi nchini Marekani lililokuwa na umeme. Gitaa lililosikika kwenye ngoma ya Jumamosi bila waya wala betri lilikuwa chombo cha kazi, na mwili wake wa chuma haukupasuka ovyo kama ubao.

Kuanza upya

Dopyera hakukaa kulalamika. Pamoja na ndugu zake alianzisha kampuni ya Dobro mwaka huohuo wa 1929. Jina hilo liliunganisha herufi za mwanzo za Dopyera na neno la Kiingereza la ndugu, na kwa Kislovakia maana yake ni jambo jema. Ili kukwepa hataza za National, waligeuza koni itazame juu kama bakuli, wakaweka juu yake chuma chenye miguu minane kama buibui. Hataza hiyo iliombwa kwa jina la mdogo wake, Rudy.

Gitaa la Dobro lilikuwa na mwili wa mbao, likawa rahisi kutengeneza. Fundi aliyeondoka akitetea ubora sasa alikuwa amepata njia yake mwenyewe ya kupunguza gharama.

Kampuni hizo mbili ziliburuzana mahakamani hadi zikapatana mwaka 1933. Ndugu wa Dopyera walinunua hisa za National, na kufikia mwaka 1935 kampuni zote mbili zilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1936 shughuli zilihamia Chicago. Beauchamp, aliyekwisha kuondoka National mwaka 1931, aliungana na Rickenbacker na kutengeneza gitaa la umeme, bidhaa iliyokuja kuyasukuma kando magitaa ya koni. Vita vya Pili vya Dunia vilipobana matumizi ya chuma, utengenezaji wa magitaa hayo ulisimama.

John Dopyera alifariki dunia mwezi Januari 1988 huko Oregon, akiwa na umri wa miaka 94. Miaka minne baadaye mji wa Trnava, Slovakia, ulianza tamasha la muziki la kuenzi gitaa lake.

Kwa anayetaka kulimiliki

Magitaa ya aina hiyo yangali yanatengenezwa, yakiwemo ya bei nafuu kutoka viwanda vya Asia. Mnunuzi apige kila uzi na kusikiliza kama kuna mlio wa kitu kilicholegea, kwani mara nyingi huo ni ishara ya koni iliyobonyea au isiyokaa vizuri. Kwa kawaida shingo ni ya mbao hata kama mwili ni chuma, hivyo ikaguliwe kama imepinda. Nyuzi zote zisilegezwe kwa pamoja bila sababu, maana katika gitaa la koni moja mkandamizo wa nyuzi ndio unaoishikilia koni mahali pake. Baada ya kupiga, mwili ufutwe jasho kwa kitambaa kikavu, hasa katika maeneo ya pwani, la sivyo kutu itaanza kula.

Kwa mjasiriamali, somo liko kwenye karatasi zaidi ya kwenye koni. Wabia waandike mapema nani ni mwenye wazo, nani atasajili hataza, na nani ataamua bei. Dopyera na Beauchamp kila mmoja alikuwa na hoja yenye nguvu, lakini walikosa makubaliano ya kuzibeba hoja zote mbili, na kwa miaka kadhaa fedha na akili zilizofaa kwenda karakanani ziliishia mahakamani.